Siku sita na mabawa ya jua: Tororo, Soroti, Kampala na kurudi

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea nyumbani Tororo, nikiijenga upya kutoka daftari langu la mfukoni, vipande vya risiti na picha zilizo kwenye simu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na tangu mwaka jana mimi na wanafunzi kumi na mmoja tumekuwa tukiunda ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mabawa ya mita 3 kutoka ncha hadi ncha na seli 24 za jua zilizobandikwa mgongoni mwake. Ilikuwa imekwisha kuruka kwa betri mara tano juu ya uwanja wetu wa mpira, lakini kila mara ilivutwa upande wa kushoto, na kwa nguvu ya jua peke yake haikuwahi kukaa hewani zaidi ya dakika nne. Likizo ya Agosti ilipofika niliamua kuyapeleka mabawa hayo Soroti, kwa mzee aliyetumia maisha yake kutengeneza ndege, kisha niende Kampala kutafuta vifaa.

Anayetaka kusafiri na ndege ndogo nzima, yenye mota na redio ya kuiongozea, asianze safari bila kibali. Nchini Uganda vyombo visivyo na rubani vinahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya idara za ulinzi, na ukaguzi njiani ni wa kawaida. Mimi nilibeba mabawa matupu pamoja na barua ya mkuu wa shule.

Jumatatu, 25 Agosti 2025: Tororo – Mbale – Soroti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika kichwa cha Mwamba wa Tororo, nilikuwa kwenye paki ya teksi na sanduku la mbao nyembamba lenye urefu wa mita 1.6. Kondakta alitaka kulifunga juu ya gari pamoja na matenga ya kuku; nilipomweleza kilichomo alifikiri kidogo, akasema litalipa kama nusu ya abiria. Nauli hadi Mbale ilikuwa shilingi 10,000, na sanduku 5,000. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikubali ncha ya sanduku ipite juu ya magoti yake, na njia nzima aliishika kwa mkono isigonge dirisha.

Aliniuliza kama kweli jua linaweza kunyanyua kitu. Nilimjibu kwamba limekwisha kumnyanyua mtu, tena zamani: tarehe 7 Julai 1981 Stephen Ptacek alirusha ndege iitwayo Solar Challenger, iliyobuniwa na Paul MacCready wa Marekani, kutoka karibu na Paris hadi Manston nchini Uingereza, umbali wa kilomita 262, kwa saa 5 na dakika 23, akitegemea seli 16,128 bila betri yoyote ya kuendeshea mota. "Na wingu likipita, mwalimu?" akauliza. Wahandisi wengi wameshughulika na swali hilo kwa miaka hamsini, na yeye alilifikia kabla hatujavuka mto wa kwanza. Ndege isiyo na betri ikifunikwa na wingu hupoteza nguvu na kuanza kushuka. Kinachoiokoa ni kimo ilichokwisha kujiwekea.

Mbale tulisubiri saa mbili na nusu gari la Soroti lijae. Nilikula malewa, yaani machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga na matoke kwa shilingi 7,000, na kwa bahati mbaya nililiacha sanduku mikononi mwa vijana wa kupakia mizigo. Niliporudi lilikuwa chini ya magunia mawili ya mchele. Nililipanga upya bila kulifungua, kwa kuwa gari lilikuwa limewashwa.

Barabara ya Mbale hadi Soroti ni ya lami na tambarare, na kuanzia Bukedea unaona anga pana kuliko huku kwetu. Mjini Kumi tulisimama kwenye machungwa yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya njia. Muuzaji aliona jinsi nilivyolikumbatia sanduku, akanipa machungwa matatu, akakataa pesa. Nilimwambia "Eyalama noi", yaani asante sana, nao abiria wa Kiteso wakacheka kwa furaha. Tulivuka kinamasi cha Awoja jua likianza kulala, tukaingia Soroti saa kumi na moja na nusu. Chumba safi chenye neti kilikuwa shilingi 35,000.

Usiku nilifungua sanduku nikakuta seli tatu za bawa la kulia zimepasuka. Seli ya silikoni ni nyembamba kuliko ukucha. Zile za Solar Impulse 2, ndege ya jua iliyoizunguka dunia, zilikuwa na unene wa mikroni 135, yaani takribani sehemu moja ya saba ya milimita. Kila anayeunda ndege ya jua huingia katika mvutano huo: bawa liwe refu na pana lipate jua la kutosha, lakini liwe jepesi, na likiwa refu na jepesi hupindika na kuvunjika. Helios ya NASA, yenye mabawa ya mita 75 hivi, ilipanda hadi mita 29,524 mnamo Agosti 2001, kimo ambacho hakuna ndege ya rafadha iliyowahi kukifikia kabla yake. Tarehe 26 Juni 2003 hewa yenye misukosuko karibu na kisiwa cha Kauai, Hawaii, iliyakunja mabawa yake juu kupita kiasi, ndege ikaanza kuyumba yumba, ikavunjika na kuanguka baharini. Nilizitazama seli zangu tatu kwa muda mrefu kabla ya kuzima taa.

Jumanne, 26 Agosti: Soroti

Mwenyeji wangu, ambaye hataki jina lake litajwe, ana umri wa miaka sabini na mitatu. Alifanya kazi Nairobi akiwa fundi kijana wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, hadi shirika hilo lilipokufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Kiswahili chake bado kina adabu ya karakana za wakati ule. Alinipokea kwa chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, akanitaka nile kwanza. Nilipotaka kufungua sanduku alisema, "Mwalimu, mgonjwa hatibiwi mlangoni."

Soroti si mji wa kawaida kwa mtu anayependa ndege. Chuo cha urubani kilianzishwa hapa mwaka 1971 kiwe cha nchi zote za Jumuiya, na hadi leo, ukisimama kando ya barabara asubuhi isiyo na upepo, unaona Cessna za wanafunzi zikizunguka uwanja, zikigusa ardhi na kupaa tena. Tulikaa chini ya mwembe tukizihesabu. Mzee alizitambua kwa sauti tu, na mara moja akasema kwamba rubani wa ile iliyopita amechelewa kupunguza nguvu.

Kisha akayalaza mabawa mezani, akatuma mjukuu wake dukani kuazima mizani ya kupimia sukari. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya volti na wati. Yeye alipima bawa la kulia: gramu 610. Akapima la kushoto: gramu 655. Akarudia mara tatu, akaniandikia tarakimu hizo kwenye daftari langu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Tofauti ya gramu 45 ndiyo iliyokuwa ikiivuta ndege yetu kushoto kwa mwaka mzima, na sisi tukailaumu mota na upepo. Bawa la kushoto liliundwa na kundi la pili la wanafunzi, waliopaka gundi kwa moyo mkunjufu na rangi tabaka mbili ili lipendeze. Mzee hakucheka wala hakunikaripia. Alisema kwamba Nairobi kila kipande kilichotoka kwenye ndege kilipimwa, na kila kipya kilichoingia kilipimwa, na karatasi za uzito zilitunzwa kama hati za shamba.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba habari ya ndege za jua husimuliwa kinyume. Watu husifu seli, na seli zinastahili sifa, lakini aliyeshinda ni mwenye mizani. Solar Impulse 2 ilikuwa na mabawa ya mita 72, marefu kuliko ya Boeing 747, na bado ndege nzima ilikuwa na uzito wa tani 2.3 tu, karibu sawa na gari kubwa la familia. Mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, mota zake nne zilikuwa na nguvu za farasi 17.4 kila moja, na seli 17,248 zilitandazwa kila mahali palipoweza kuona jua. Kila gramu inayoongezwa hudai mwanga wake, na mwanga hauongezeki kwa kudaiwa.

Alasiri tulikodi bodaboda mbili, shilingi 4,000 kila moja kwenda na kurudi, tukaenda kuutazama mtambo wa umeme wa jua ulio nje ya mji. Una uwezo wa megawati 10 na uliwashwa mwaka 2016. Hauruhusiwi kuingiwa bila kibali, lakini kutoka barabarani unaona safu za paneli zikiishia mbali kwenye nyasi. Nilipiga hesabu kwamba uwezo wake wote wa saa sita mchana ungeweza kuzungusha mota zote za ndege zaidi ya mia moja na tisini kama Solar Impulse 2 kwa wakati mmoja. Lakini paneli hizo zina vioo na fremu za alumini, na hakuna anayeulizwa uzito wake kwa kuwa ardhi inazibeba bure.

Jioni mke wa mzee alitupikia atap, ugali wa mtama na muhogo, pamoja na ebo, mboga chachu iliyoungwa kwa karanga. Nilikula mara mbili.

Jumatano, 27 Agosti: Soroti

Seremala jirani alituazimia msasa laini, nasi tukashinda asubuhi tukikwangua rangi ya bawa la kushoto. Hakutaka malipo, nililazimika kumwachia mtoto wake shilingi 5,000 za daftari. Seli tatu zilizopasuka niliziunganisha kwa waya mwembamba ili umeme upite pembeni.

Saa sita mchana tuliyaweka mabawa yote mawili juani. Kwa kipimo cha kiwandani seli 24 zingetoa wati 79 hivi. Mita yangu ilionyesha wati 58. Seli tatu zilikuwa nje ya kazi, na sehemu kubwa ya upungufu uliobaki ilikuwa joto: silikoni hupoteza nguvu kidogo kwa kila nyuzi inayozidi 25, na mgongo wa bawa letu ulikuwa umepita nyuzi 60, mkono haukuvumilia. Angani, hewa ikipita juu yake kwa kasi, bawa hupoa. Hilo ni moja ya mambo machache ambayo jua la Teso na upepo hufanya kwa kupatana.

Tulikuwa tumepima kwamba ndege yetu inahitaji wati 28 hivi ili isishuke. Basi mchana ina ziada ya wati 30, nami nikamwuliza mzee kwa nini isiruke hadi usiku. Alinipa kalamu nipige hesabu mwenyewe. Hapa karibu na ikweta usiku ni saa 12. Saa 12 za wati 28 ni wati-saa 336. Betri nzuri za lithiamu hubeba wati-saa 250 hivi kwa kilo, kwa hiyo ningehitaji betri za kilo 1.3 juu ya ndege ya kilo 2.2. Ndege hiyo nzito isingeruka tena kwa wati 28, nayo ingehitaji betri kubwa zaidi, na hizo zingeongeza uzito tena. Nilijaza kurasa mbili kabla ya kukiri kwamba kwa umbo hili ndege yetu haivuki usiku.

Waliofaulu walifuata njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kukubali uzito wa betri na kubana kila kitu kingine: Solar Impulse 2 ilibeba betri za kilo 633, zaidi ya robo ya uzito wake. Ya pili ni kuweka akiba ya kimo. Mchana ndege hiyo ilipanda hadi mita 8,500, na jua lilipozama ilishuka polepole, karibu bila kutumia betri, hadi mita 1,500 hivi, ndipo betri zikaanza kazi hadi alfajiri. Mzee alilipenda jambo hilo kuliko yote niliyomweleza, akaomba nilirudie kwa Kiteso kwa mkewe. Kwa kuwa sikuweza, alilitafsiri yeye, kwa mikono zaidi kuliko maneno.

Saa tisa mawingu yalifunga na mvua kubwa ikatukimbiza ndani. Atakayekuja Soroti mwezi wa Agosti kwa shughuli za jua azimalize kabla ya saa nane.

Alhamisi, 28 Agosti: Soroti – Kampala

Basi lililotakiwa kuondoka saa moja asubuhi liliondoka saa nne na robo. Nauli ilikuwa shilingi 45,000, na sanduku, kwa huruma ya dereva, lilisafiri bure juu ya kiti cha nyuma kabisa. Katika kungoja nilijikumbusha habari za Hawaii. Tarehe 3 Julai 2015 André Borschberg alitua huko na Solar Impulse 2 akitokea Nagoya, Japani, baada ya saa 117 na dakika 52 peke yake angani, akilala kwa vipande vya dakika ishirini katika chumba kisicho na joto, chenye nafasi kama ya ndani ya gari dogo. Siku ya kwanza ya safari hiyo betri zilipata moto kupita kiasi, kwa sababu ndege ilipanda haraka na betri zilikuwa zimefunikwa mno zisipatwe na baridi ya juu. Zikaharibika, na ndege ikakaa Hawaii hadi Aprili 2016. Mwenzake, Bertrand Piccard, aliimalizia safari ya kuizunguka dunia Abu Dhabi tarehe 26 Julai 2016, miezi 16 tangu ilipoanza.

Njia ya Tirinyi haikuwa na la kusimulia. Jinja tulipita juu ya daraja jipya la Nile, lililofunguliwa mwaka 2018. Msilipige picha, walinzi hawapendi. Namawojjolo basi lilizungukwa na wauzaji, nami nilinunua kidari cha kuku kwenye kijiti kwa 10,000 na gonja mbili za kuchoma kwa 2,000. Kabla ya Mukono kijana aliyeketi karibu nami alinionyesha upande wa Mpoma, kilipo kituo cha mawasiliano ya setilaiti, na tukazungumza juu ya PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyopelekwa angani Novemba 2022 baada ya kuundwa na wahandisi wetu watatu waliosomea kazi hiyo Japani. Nayo iliishi kwa seli za jua. Kijana huyo alinisaidia kubeba sanduku kutoka basini hadi nyumba ya wageni, mlima wote, kisha akarudi kufuata gari lake la Mityana.

Ijumaa, 29 Agosti: Kampala na Kajjansi

Asubuhi nilitafuta seli mjini kwa saa tatu. Maduka mengi yana paneli zilizokwisha kufungwa vioo; seli tupu nilizipata kwa fundi mmoja wa ghorofa ya pili, nane kwa shilingi 160,000, bei kubwa niliyoipunguza hadi 130,000. Wembe mwembamba wa kukwangulia gundi ulikuwa 3,000. Mtu akiweza, aagize seli mapema na aziombe zifungwe kati ya vipande vya sponji, kila moja peke yake.

Nilipokuwa nikingoja teksi, nilikumbuka basi la umeme la Kayoola lililozinduliwa kwenye uwanja wa michezo wa Namboole Februari 2016, lenye viti 35 na paneli juu ya paa, likiwa limetokana na kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Makerere. Wakati ule baadhi ya watu walilidharau kwa kuwa paneli za paa ziliongeza umeme kidogo tu kwenye betri. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Basi likiishiwa husimama kando ya barabara likachajiwa, na waliolijenga wamejifunza betri, mota na udhibiti wake, mambo yale yale ambayo ndege inayahitaji.

Kajjansi, nauli ya shilingi 4,000 siku ile kutoka paki ya teksi, iko kwenye barabara ya zamani ya Entebbe, karibu na viwanda vya matofali na vigae. Uwanja wake mdogo hutumiwa na ndege za injini moja za wamisionari, watalii na wanafunzi wa urubani. Sikuingia, nilisimama mahali raia wanaporuhusiwa, na mama mwenye kibanda aliponiona nimesimama juani alinitolea kiti na maji bila kuuliza. Kila ndege ilipopaa nilisikia injini kwanza, na nikajaribu kufikiria kupaa kusiko na mngurumo.

Hapo kibandani nilimwonyesha kijana wa yule mama habari mbili za mwaka 2025. Tarehe 12 Agosti, majuma mawili kabla ya safari yangu, Raphaël Domjan wa Uswisi alipanda kwa ndege ya jua ya SolarStratos hadi mita 9,521. Na ya pili ni ya jirani zetu: Zephyr, ndege isiyo na rubani yenye mabawa ya mita 25 na uzito wa kilo 75 hivi tu, ambayo hurushwa kwa mikono na watu wanaokimbia nayo, ilipaa Februari kutoka Laikipia, Kenya, ikakaa angani siku 67. Walichagua Kenya kwa sababu zinazotuhusu na sisi: jua la karibu na ikweta liko juu mwaka mzima, na usiku haurefuki kuliko mchana. Kijana aliuliza kutoka Laikipia hadi Tororo ni mbali gani. Tulipima kwenye ramani ya simu, na ilikuwa karibu kuliko yeye na mimi tulivyodhani.

Jumamosi, 30 Agosti: Kampala – Tororo

Nilifika nyumbani saa kumi jioni baada ya safari isiyo na tukio, nauli 35,000 na sanduku 5,000. Wanafunzi wanne walikuwa wakiningoja maabara. Niliwapa ukurasa wenye mwandiko wa mzee, 610 na 655, bila kueleza chochote, na yule aliyeongoza kundi la pili akanyamaza, akachukua wembe mpya, akaanza kukwangua gundi iliyobaki kwenye mbavu za ndani. Tulibadilisha seli tatu kwa taa ya kandili, kwa kuwa umeme ulikatika saa moja. Saa nne kasoro usiku tulipima: kulia gramu 612, kushoto gramu 616. Waliandika tarakimu hizo kwenye karatasi mpya, wakaibandika ukutani karibu na mizani, wakaacha nafasi chini yake.